Mtoki wa Nyuma ya Goti: Kisa cha Bosi, Kupe na Limfoma

Bosi aliletwa kliniki kwa bajaji, kichwa nje, ulimi nje, mlinzi wa nyumba kamshika ukanda wa shingo kwa mikono miwili. Mwenye mbwa, mama mmoja muuguzi mstaafu, alifuata kwa bajaji ya pili kwa sababu ya kwanza ilishajaa mbwa. Ilikuwa Jumanne ya masika na nusu ya Dar es Salaam ilikuwa imelowa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbwa wangu ana mitoki."

Niliweka kalamu chini. Wateja wengi husema mbwa kavimba shingo, au ana jipu, au kang'atwa na nyuki. Anayesema "mitoki" ameshika kwa vidole vyake na anajua alichoshika. Yeye aliigundua wakati wa kumlegeza ukanda, ambao wiki tatu nyuma ulikuwa unamtosha.

Bosi ni dume, chotara wa Rottweiler, miaka 7, hajahasiwa. Mizani ilisema kilo 37, kadi yake ya chanjo ya miezi mitano nyuma ilisema 41. Joto 39.4, juu kidogo ya kawaida. Ufizi ulikuwa umepauka bila kuwa mweupe. Tezi za limfu za chini ya taya zilikuwa kama ndimu, za mbele ya bega kama mayai ya kuku wa kienyeji, na za nyuma ya goti, ambazo kwa mbwa mzima unazitafuta kama unatafuta punje ya karanga chini ya ngozi, zilikuwa kama mayai ya kware. Kulia na kushoto sawa. Nilipozibonyeza hakulia wala hakuvuta mguu. Hazikuwa na moto, na zilicheza chini ya vidole.

Tezi moja iliyovimba na kuuma kwa kawaida inasimulia habari ya jirani yake: jino bovu, kidonda, mwiba. Tezi zote kuvimba kwa pamoja bila maumivu ni habari ya mwili mzima. Kwenye kitabu chochote cha Ulaya au Marekani, mbwa wa makamo mwenye sura hiyo anaandikwa limfoma kwenye mstari wa kwanza, yaani saratani ya limfosaiti, chembe za kinga zinazoishi ndani ya tezi hizo. Ni mojawapo ya saratani zinazowapata mbwa zaidi, na karibu wanne kati ya watano wanaougua huja hivi hivi, na mitoki kila mahali. Rottweiler nao wamo katika mbegu zinazotajwa kuugua mara nyingi.

Lakini mimi sifanyi kazi Ulaya. Huku kwetu mbwa wa uwani anaishi na kupe mwaka mzima, na kupe wa kahawia wa mbwa hubeba Ehrlichia canis, bakteria wanaokaa ndani ya chembe nyeupe za damu. Mbwa mwenye ugonjwa huo hupata homa, hukonda, tezi huvimba, bandama huvimba, chembe sahani, zile za kugandisha damu, hushuka. Yaani picha ni ile ile. Kuna na vimelea vya ndorobo kwa mbwa waliotembezwa mapori ya Pwani na Morogoro. Na kwa dume ambaye hajahasiwa huwezi kuacha kuangalia uume, kwa sababu kuna uvimbe wa kuambukizana kwa kupandana, na wenyewe ukikaa muda mrefu unaweza kufika kwenye tezi. Niliangalia, palikuwa safi.

Jambo lililogeuza kisa kizima halikutoka kwenye mwili wa Bosi. Lilitoka kwa mlinzi. Niliuliza mara mbili kama mbwa amepewa dawa yoyote, mama akasema hapana. Mara ya tatu nikamwuliza mzee mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye anayempikia dona na dagaa na ndiye anayejua ndoo ya maji inajazwa mara ngapi.

"Siku hizi anakunywa ndoo mbili, dokta," alisema. Kisha, taratibu, macho yakiwa kwa mama: "Kuna bwana mmoja alipita akamchoma sindano tatu. Siku tatu mfululizo. Ile mitoki ikasinyaa kabisa. Baada ya siku kumi hivi ikarudi."

Chupa alikuwa kaitunza. Ilikuwa deksamethazoni, dawa ya jamii ya steroidi.

Nitaeleza kwa nini roho ilinishuka. Steroidi huua limfosaiti, zilizo nzima na zenye saratani. Mitoki ya limfoma husinyaa, na mitoki ya maambukizi nayo husinyaa, kwa hiyo kule kusinyaa hakukuambii chochote. Mbaya zaidi, kinachobaki ndani ya tezi baada ya hapo ni mchanganyiko wa chembe zilizokufa, zilizochoka na zilizosalimika, na msomaji wa slaidi anaweza kuangalia mchana kutwa asitamke jina. Na zile za saratani zilizosalimika mara nyingi huwa sugu kwa dawa zitakazofuata. Sindano ile ya bei ndogo, inayouzwa kila duka la mifugo, ndiyo ninayoichukia kuliko zote pale ambapo hakuna aliyeweka jina la ugonjwa bado. Yule bwana hakuwa na nia mbaya. Aliona uvimbe, akatoa dawa ya uvimbe.

Kupe kwanza

Tulitoa damu. Chembe sahani zilikuwa 58,000 kwa mikrolita, wakati mbwa mzima huwa na zaidi ya 150,000. Wingi wa chembe nyekundu ulikuwa asilimia 30, upungufu wa kiasi. Kipimo cha haraka cha kingamwili za Ehrlichia kilitoa mistari miwili: chanya. Kwenye slaidi ya damu sikuona Babesia, kimelea kingine kinacholetwa na kupe, wala kimelea cha ndorobo. Kalsiamu ilikuwa ya kawaida. Hiyo niliitaka hasa kwa ajili ya zile ndoo mbili, kwa kuwa baadhi ya limfoma hupandisha kalsiamu na mbwa akawa na kiu isiyokatika. Kumbe kiu ya Bosi ilikuwa ya steroidi tu, na wiki moja baadaye ikaisha yenyewe.

Kisha nikachukua chembe kutoka kwenye tezi kwa sindano nyembamba, geji 23, nikachagua tezi ya chini ya taya.

Hapo nilikosea, na ninaliandika kosa lenyewe kwa sababu ninaliona likirudiwa na wenzangu. Tezi ya chini ya taya ndiyo iliyo karibu na mkono, ndiyo kubwa, na mbwa hakurukii ukiigusa. Lakini ni tezi inayosafisha mdomo mzima. Bosi alikuwa na chonge lililovunjika kwa kutafuna mnyororo, na ukoko wa meno unaonuka. Tezi ya hapo ina kazi kila siku ya Mungu, saratani iwepo isiwepo. Nilijua. Shuleni tuliambiwa chukua ya mbele ya bega au ya nyuma ya goti. Lakini foleni ilikuwa ndefu na mvua ilikuwa inanyesha.

Slaidi ilionyesha limfosaiti ndogo nyingi, chembe za plazma (zile zinazotengeneza kingamwili) za kutosha, na makumi ya chembe zilizopasuka na kuacha michirizi ya zambarau. Limfosaiti ni dhaifu kama tui la kwanza, ukikandamiza slaidi mbili kidogo tu zinachanika. Nikajumlisha: kipimo cha kupe chanya, chembe sahani chini, chembe za plazma kwenye tezi. Nikamwambia mama ni ugonjwa wa kupe, nikampa doksisaiklini miligramu 10 kwa kila kilo kwa siku, siku 28, anywe pamoja na chakula.

Si kwamba nilikosa ushahidi. Ushahidi ulikuwepo, ila ulikuwa wa swali jingine. Kingamwili zinasema mbwa huyu aliwahi kukutana na Ehrlichia, na kwa mbwa wa uwani mwenye miaka 7 katika mji huu, ingekuwa ajabu kama hajawahi.

Baada ya siku kumi walirudi. Joto 38.7. Chembe sahani 171,000. Anakula, anabweka wapita njia. Kwa mambo hayo nilikuwa nimepatia, na Bosi kweli alikuwa na ugonjwa wa kupe. Mama alinisikiliza nikieleza habari hizo njema hadi mwisho, kisha akainama, akaweka kidole nyuma ya goti la kulia la mbwa wake.

"Na huu hapa, mwanangu? Huu nao ni wa kupe?"

Mayai ya kware yalikuwa yamekuwa ya kuku.

Kilichoonekana kwenye skrini

Siku iliyofuata Bosi alikuja bila kula tangu usiku, kwa ajili ya altrasaundi. Kufunga kuna maana, kwa kuwa tumbo lililojaa ugali na gesi huficha kila kitu kilicho nyuma yake. Tulimnyoa manyoya kuanzia ubavuni hadi kinenani, tukamlaza chali kwenye sponji iliyokatwa katikati kama mtumbwi, mzee wa getini akishika miguu ya mbele na kumsemesha. Sikumpa dawa ya kumtuliza. Baadhi ya dawa hizo, asepromazini hasa, hujaza bandama damu ikavimba, ukaja kuandika ugonjwa ambao umeutengeneza mwenyewe dakika kumi zilizopita.

Altrasaundi inafanya kazi kwa mwangwi. Kichwa cha mashine hutuma sauti isiyosikika, viungo huirudisha, na kila kiungo kina namna yake ya kurudisha. Kinachorudisha kingi huonekana cheupe, kinachorudisha kidogo huonekana cheusi. Kwa mbwa mzima kuna mpangilio ambao macho hujifunza mapema: bandama ni nyeupe kuliko ini, na ini halitofautiani sana na gamba la figo. Ukiona mpangilio huo umevurugika, simama hapo.

Ini la Bosi lilikuwa kubwa kidogo lakini laini, halina madoa. Nyongo sawa. Figo zote mbili sawa. Utumbo ulinifurahisha: ukuta wake ulionyesha zile tabaka tano wazi, nyeupe na nyeusi zikipishana, unene ukiwa karibu milimita 4. Limfoma ya utumbo hula tabaka hizo hadi ukuta unakuwa kitu kimoja cheusi kinene, na haikuwepo. Hakukuwa na maji tumboni.

Nikafika kwenye bandama, nikabadilisha kichwa cha mashine na kuweka kile cha mstari mnyoofu chenye masafa ya juu, kinachoona karibu lakini kwa undani. Bandama ya mbwa huwa kama kitambaa cha hariri, chembechembe laini zilizo sawa kutoka ncha hadi ncha. Ya Bosi ilikuwa nene, kingo zimeviringika, na ndani yake kumejaa viduara vyeusi vya milimita 3 hadi 8, vimesongamana kama matundu ya sega la nyuki. Nilizungusha mkono nikaiangalia kwa upande wa pili. Viduara vile vile.

Msaidizi wangu, kijana wa mafunzo kwa vitendo, alisema, "Hii si ndiyo yenyewe, dokta?"

Inafanana nayo sana. Mwonekano huo wa sega ukiuona kwa mbwa mwenye mitoki kila mahali, limfoma inapanda juu kabisa ya orodha. Lakini bandama ni kiungo chenye kazi nyingi na sura chache. Inapotengeneza damu kwa dharura inaweza kuwa na viduara. Inapopigana na maambukizi ya muda mrefu, Ehrlichia ikiwemo, inaweza kuvimba na kuwa na viduara. Na upande wa pili wa jambo hili unasahaulika zaidi: kuna mbwa wenye limfoma iliyokwisha kuenea kwenye ini na bandama ambao skrini yao ni safi kama ya mbwa wa mwaka mmoja. Picha nzuri haimwachii mbwa huru, na picha mbaya haimhukumu.

Kilichonisogeza zaidi kilikuwa chini, karibu na nyonga, pale mshipa mkuu wa damu unapogawanyika kuelekea miguuni. Kuna jozi ya tezi hapo ambazo mkono hauzifikii kwa nje. Zikiwa nzima ni bapa na ndefu, kama mbegu ya tikiti iliyolala, rangi inakaribiana na mafuta yanayozizunguka. Ya kushoto ya Bosi ilipima milimita 27 kwa 22. Gawanya ufupi kwa urefu upate 0.81. Tezi yenye afya kwa kawaida haivuki nusu, kwa sababu inapovimba kwa kinga hurefuka pamoja na kunenepa, lakini inapojazwa na saratani huvimba pande zote kama puto. Ilikuwa nyeusi tii. Nilipowasha rangi za kuonyesha damu, mishipa ilionekana ikizunguka pembeni badala ya kuingia kupitia mlango wake mmoja wa katikati.

Picha ya eksirei ya kifua haikuwa na kitu.

Sindano zilizoshindwa

Kwa kuwa chembe sahani zilikuwa zimepanda, nilichoma bandama nikiongozwa na skrini, geji 23, bila kuvuta, sindano inaingia na kutoka haraka haraka mara tano. Nikachoma na tezi zote mbili za nyuma ya magoti, na ya mbele ya bega la kushoto. Slaidi kumi na mbili.

Za bandama zilikuwa damu tupu. Ndivyo ilivyo bandama, ni mfuko wa damu, na ukikosa kiduara chenyewe unavuta mto.

Za magoti zilizungumza nusu nusu. Kwenye limfoma ya chembe kubwa, ambayo ndiyo ya kawaida kwa mbwa, unategemea kuona zaidi ya nusu ya chembe zote ni kubwa, kiini chake kikiwa mara mbili ya chembe nyekundu ya damu au zaidi, na vitone vya ndani ya kiini vikionekana wazi. Nilihesabu chembe mia mbili, nikahesabu tena. Zilizo kubwa zilikuwa kama asilimia 40. Katikati yake zilitapakaa chembe ndogo, za plazma, na mabaki ya zilizokufa. Wakati wa vita tezi huzalisha chembe kubwa, lakini asilimia 40 ni nyingi mno kwa vita. Na kwa kutamka saratani ni chache. Ile deksamethazoni ilikuwa bado inanicheka.

Wenzangu walio na mashine ya kuchambua chembe moja moja wangeniuliza kwa nini sikuipeleka sampuli huko. Kwanza, hatuna hapa mtaani. Pili, hata vipimo vya vinasaba vinavyouliza kama limfosaiti zote zimetoka kwa mzazi mmoja vinajulikana kudanganywa na Ehrlichia, ambayo kwa baadhi ya mbwa huzalisha ukoo mmoja wa chembe kana kwamba ni saratani. Kwa mbwa mwenye historia ya Bosi, nilitaka kuona chembe zikiwa mahali pake, nani kakaa na nani. Hilo sindano haiwezi. Sindano inakuletea wakazi wa nyumba wamepangwa barabarani, haikuonyeshi nyumba.

Tezi nzima

Ungeweza kukata kipande kwa sindano nene ya biopsi. Niliamua kutoa tezi yote ya nyuma ya goti la kulia, ile aliyonionyesha mama. Iko juu juu, haina jirani wa kuogofya ila mshipa mmoja wa fahamu ulio chini zaidi, na mbwa hatembei kwa shida baada yake. Na ikitoka nzima, mpatholojia anaona gamba la nje, vikonyo, kila kitu.

Nilimweleza mama gharama na nusukaputi. Aliuliza maswali mawili tu: saa ngapi asile, na nani atakaa naye akizinduka. Mzee wa getini alisema atakaa yeye.

Upasuaji wenyewe haukufika dakika ishirini na tano. Sentimita nne za ngozi, mafuta, na tezi ikajitokeza. Mtego uko kwenye koleo: ukiishika tezi katikati ukaibana, umeshasaga ushahidi. Nilishika gamba kwa ncha, nikafunga mshipa wake wa damu kwa uzi, nikaitoa. Nilipoipasua katikati, nyama ya ndani ilichomoza nje ya ukingo wa gamba, nyeupe ya kijivu, inateleza, kama mnofu wa changu aliyetolewa ngozi. Tezi nzima huwa na mpaka wa rangi kati ya nje na ndani. Hapa hapakuwa na mpaka. Sikusema kitu, lakini kijana wangu alikuwa amenikodolea macho.

Nusu moja niliifuta damu kwa karatasi na kuigusisha kwenye slaidi, kama mhuri. Nyingine niliikata vipande visivyozidi sentimita moja, nikaviweka kwenye fomalini ya asilimia 10, dawa ikiwa mara kumi ya nyama. Fomalini huingia polepole, karibu milimita moja kwa saa, na tezi iliyotumbukizwa nzima huoza katikati huku nje imeiva. Slaidi zikaenda kwenye kisanduku chake, fomalini kwenye mfuko mwingine kabisa. Mwaka mmoja nilivifunga pamoja, mvuke wa fomalini ukazitembelea slaidi njia nzima, na zilipopakwa rangi zikatoka bluu ya matope. Kipimo kililipiwa mara mbili, na mara ya pili ikatoka mfukoni kwangu.

Mzigo ukapanda basi la alfajiri kwenda kwa mpatholojia Morogoro, nikampigia simu kondakta mara tatu kabla ya Chalinze.

Jibu

Siku tisa. Ripoti ilisema muundo wa tezi umefutika, vitovu vya kinga havipo, nafasi yake imejazwa na shuka la chembe kubwa za duara, kiini mara mbili ya chembe nyekundu na zaidi, nyingi zikiwa katikati ya kugawanyika, na gamba limetobolewa ikavuka hadi kwenye mafuta. Pembezoni kulikuwa na visiwa vya chembe za plazma, kumbukumbu ya kupe. Kipande cha nta kilipelekwa nje ya nchi kupakwa alama: CD20, alama ya limfosaiti za aina ya B, ikawaka karibu kila mahali, na CD3, alama ya zile za aina ya T, kwa chembe chache zilizotawanyika. Limfoma ya chembe kubwa za B, iliyosambaa.

Magonjwa mawili, kwa hiyo. Kupe walikuwa wa kweli na saratani ilikuwa ya kweli, na wa kwanza alisimama mlangoni akamficha wa pili. Kwa hatua ya kuenea kwa saratani, nilimwandikia ya nne kwa kushuku, kwa sababu bandama niliiona tu na sikuithibitisha kwa chembe, na uboho sikuugusa. Kwa ile kilo nne iliyopotea niliweka herufi b, ya wanaougua na dalili, ingawa hapo ningeweza kubishana na mtu jioni nzima: ilipotea kwa saratani au kwa kupe?

Mama alisoma ripoti mwenyewe, miwani puani. Alikuwa amefanya kazi wodi ya watoto kwa miaka mingi.

"Chembe B," alisema. "Sisi tulikuwa na watoto wa taya."

Alikuwa anasema limfoma ya Burkitt, ile ambayo Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, aliiandika mwaka 1958 baada ya kuona watoto wenye taya zilizovimba. Nayo inatoka kwenye chembe B. Nilipomtajia dawa, saiklofosfamaidi, vinkristini na prednisoloni, aliinua mkono nisiendelee. Vinkristini aliijua. Alijua kwamba ikitoka nje ya mshipa nyama inaoza, alijua kwamba inatengenezwa kutokana na lile ua dogo la rangi ya waridi la kutoka Madagaska linaloota hata makaburini huku pwani. "Nimewachoma wengi hiyo," alisema. "Wengine wana wajukuu sasa."

Sikumdanganya. Kwa mbwa dawa hizi hazifuati tiba ya kuponya kabisa, zinafuata muda mzuri. Bila chochote wengi huishi wiki nne hadi sita. Kwa prednisoloni peke yake, mwezi mmoja au miwili. Mpango kamili wenye doksorubisini huzima ugonjwa kwa mbwa wanane au tisa kati ya kumi wenye aina ya B, na wengi hufika karibu mwaka. Doksorubisini hatukuipata kwa uhakika wala kwa bei ya kibinadamu, kwa hiyo tulikwenda na tatu zilizobaki, tukijua zinashusha matarajio, na tukijua kwamba zile sindano tatu za mwanzo nazo zimeshayapunguza. Doksisaiklini ilimalizwa siku zake zote.

Mzee wa getini tulimfundisha kuvaa glavu anaposafisha mkojo siku za dawa na kumtoa Bosi nje mara kwa mara, kwa kuwa saiklofosfamaidi ikikaa kibofuni huchoma.

Mitoki iliyeyuka ndani ya wiki ya kwanza. Wiki ya 12 nilimlaza tena kwenye mtumbwi wa sponji: bandama imerudi hariri, ile tezi ya karibu na nyonga ikipima milimita 14 kwa 6. Uzito kilo 40. Mama hakuja siku hiyo, alimtuma mzee na karatasi yenye tarehe zote za dawa kwa mwandiko wa wodini. Nilipomwuliza kama wanamkagua nyumbani, mzee akasema kila Jumapili baada ya kumwogesha, na akanionyesha: taya, bega, kisha goti la kushoto. Goti la kulia alilipita, kuna kovu tu.